Ngazi Mia Nne Tisini na Nane

"Kahawa yenu ya bei ya chini kabisa ni ipi?"

Nives Zambonelli hakuinua macho. Ilikuwa saa tatu kasorobo asubuhi katika stesheni kuu ya Bologna, watu wamejazana mbele ya kaunta safu tatu, kila mmoja ana haraka zake, na zamu yake ilikuwa imebakiza robo saa tu.

"Ni hiyo hiyo moja," alijibu. "Euro moja na senti kumi. Ukiinywa umesimama. Ukikaa, bei inapanda."

"Basi nitasimama. Hata kwa mguu mmoja, ukiniamuru."

Hapo ndipo alipoinua macho. Mbele yake alisimama kijana mrefu, nyusi nene zilizokaribia kukutana, nywele nyeusi zimelala upande mmoja kwa usingizi wa safarini. Alivaa koti la suti la buluu ambalo lilishonwa kwa ajili ya mtu mwingine, maana mikono yake ilichomoza inchi mbili nje. Miguuni pake palikuwa na begi la kutosha kubeba jokofu.

"Umehama kwenu au umefukuzwa?" Nives aliuliza.

"Nimetoka Taranto usiku kucha. Gari moshi limechelewa, la Trieste likaniacha, na tiketi yangu ni ya bei chee. Wameniambia nisubiri la saa moja jioni. Nina saa kumi za kukaa hapa na noti moja ya euro kumi. Huu mji wenu una nini?"

Kumuuliza mtu aliyeishi Bologna miaka minane mji wake una nini ni kumtafutia ugomvi. Nives aliweka kikombe juu ya kaunta kwa kishindo.

"Mji wetu una nini? Ngoja nimalize zamu. Nitakuonyesha Bologna nzima, tutakula, tutakunywa, na kwenye hiyo kumi yako utabaki na chenji."

"Nikibaki na chenji nitakuoa."

"Bibie," alidakia mama mmoja wa makamo aliyevaa koti la manyoya, "oaneni basi, lakini kwanza nipe kapuchino yangu. Gari langu linaondoka."

Safu nzima ilicheka. Nives alitengeneza kapuchino huku masikio yake yakiwaka moto. Kijana alijitambulisha: Saverio Mancarella, fundi wa kuchomelea vyuma, kesho anaanza kazi kwenye kiwanda cha meli Trieste.

"Na wewe umesoma hapa? Nasikia huku kila mtu ni msomi."

"Nimesoma hapa. Nimeshamaliza. Zamani."

Neno lilimponyoka lenyewe. Ukweli ni kwamba Nives alikuwa na miaka ishirini na saba, wenzake walioanza naye chuo walishamaliza, wakaolewa, wengine wana watoto wanaotambaa, na yeye ndiyo kwanza keshokutwa, Alhamisi saa nne asubuhi, angesimama mbele ya walimu saba kuitetea tasnifu yake. Miaka minane kwa masomo ya miaka mitatu! Alishachoka kuona watu wakipiga hesabu usoni pake. Kwa siku moja tu, mbele ya mtu mmoja asiyemjua, alitaka kuwa ameshamaliza.

"Msomi!" alisema Saverio, na heshima aliyoitia katika neno hilo ilimchoma kama sindano. "Basi niongoze, msomi. Nipe namba yako nisije nikapotea."

"Namba hupati. Ikifika saa kumi na mbili jioni na bado tunavumiliana, hapo nitakupa."

Begi likabaki nyuma ya kaunta, Nives akavua aproni, akavaa koti lake la rangi ya haradali na kofia ya sufu, wakatoka.

Ilikuwa Machi, na mvua ilikuwa imeanza. Saverio alitaka kukimbia, Nives akamshika mkono wa koti. "Unakimbia nini? Huku mvua haituhusu." Na kweli walitembea mji mzima chini ya matao yaliyofunika njia za waenda kwa miguu, maji yakimwagika barabarani hatua moja kando yao, na wao wakavu kabisa, wakicheka kwa sababu hiyo tu.

Alimpeleka kwenye kidirisha kilichotobolewa ukutani, akamwambia akifungue, na Saverio akaruka nyuma kwa mshangao alipouona mfereji wa maji ukipita kati ya nyumba. Bure. Alimpeleka kwenye kanisa kubwa la uwanjani, mvua ikakatika saa sita na kitu, wakakimbilia mstari wa shaba uliolazwa sakafuni kupimia adhuhuri, wakauona mwanga wa jua ukiingia kwa tundu la darini na kuukata mstari. Bure pia. Wazee wawili waliokuwa wanasubiri mwanga huo wakapiga makofi, na Saverio akapiga makofi kuliko wao.

Kisha akampeleka chini ya kuba la jumba la zamani, pale ambapo njia nne hukutana na watu hupita bila kukoma. Alimsimamisha kwenye pembe moja, uso ukiangalia ukuta kama mtoto aliyeadhibiwa, naye akaenda kwenye pembe ya mkabala, upande wa pili wa kuba.

"Sema kitu polepole," alimwambia. "Usipaze sauti."

Watu walipita katikati na mifuko yao ya sokoni. Nives alibandika sikio ukutani. Sauti ikaja karibu mno, utadhani mtu amemwekea kidevu begani.

"Msomi, hilo koti lako la haradali limenivuruga akili tangu asubuhi."

Nives alifumba macho. "Na hilo lako umemwibia nani?"

"Kaka yangu. Ndilo alilooa nalo."

"Mkewe anajua?"

"Mkewe ndiye aliyenipa. Alisema huenda nami litaniletea bahati." Kisha sauti ikashuka zaidi: "Nikuambie kitu? Wiki nzima nilikuwa naiogopa Trieste. Sasa naiogopa saa moja jioni."

Moyo wa Nives ulipiga kwa nguvu hadi akahofia ukuta utausikia na kumpelekea. Alipogeuka, Saverio naye alikuwa amegeuka, na wote wawili walikuwa wekundu hadi shingoni.

Walinunua mikate miwili na nyama ya mortadela iliyokatwa nyembamba kama karatasi, wakaingia kwenye kilabu cha zamani ambako mteja huja na chakula chake na kulipia kinywaji tu. Walibanana mwisho wa benchi refu, glasi mbili za mvinyo mwekundu mezani. Saverio alikula akifumba macho.

"Kazi yako haikuchoshi?" Nives aliuliza.

"Naipenda. Mimi nachomelea tumboni mwa meli, chini kabisa. Mlingoti nawaachia wenye moyo. Mimi mtu wa chini."

Nives alidhani ni utani wa watu wa kusini.

Ndipo mlango uliposukumwa na Loredana akaingia. Huyu alikuwa rafiki yake Nives wa kufa na kuzikana, na sauti yake ilitangulia kila mahali dakika moja kabla yake.

"Nives! Wee mtu! Keshokutwa uchelewe kama kawaida yako, nitakuua! Mama yangu ameshanunua lozi za sukari kilo mbili. Maua nimeagiza. Bibi yako anashuka kutoka milimani kesho jioni. Na gauni umelichukua kwa fundi?"

"Nitalichukua kesho. Loredana, huyu ni..."

"Hamjambo, nakimbia, kazini wananisubiri!" Alimbusu Nives mashavu yote mawili, akaondoka na nusu ya mkate wake.

Nives alimgeukia Saverio akicheka. Saverio hakucheka. Glasi ilikuwa imesimama njiani kwenda mdomoni.

Mimi ninayesimulia nitakuambia kilichompata, maana Nives mwenyewe hakukijua. Kwao Taranto, kwenye nyumba yao, hakuna mtu aliyewahi kufika chuo kikuu, wala jirani. Lozi zilizofunikwa sukari Saverio alizijua za aina moja tu: zile nyeupe, zinazofungwa kwenye vitambaa vyepesi na kugawiwa wageni wa harusi. Yeye mwenyewe alizigawa harusini kwa kaka yake. Kwamba msomi naye hugawa lozi siku ya kupata shahada, nyekundu, hakuna aliyemwambia. Sasa jumlisha: lozi kilo mbili, maua, gauni, bibi anakuja, keshokutwa. Ungekuwa wewe ungefikiri nini?

Walitoka. Nives aliongea peke yake mtaa mzima, akionyesha hiki na kile, naye akijibiwa "naona", "sawa", "vizuri", hadi wakafika chini ya mnara wa Asinelli. Ule mnara umepanda juu mno, mwembamba, umepinda kidogo, na mtu akiutazama kutoka chini shingo inauma. Saverio akatoa karatasi mbili mfukoni.

"Tiketi. Saa tisa. Nilizinunua asubuhi ulipokuwa unaongea na muuza magazeti mmoja. Najua nimevunja masharti ya euro kumi, nimegusa akiba yangu ya Trieste. Nilitaka kukuuliza jambo kule juu. Twende?"

Nives alirudi nyuma hatua moja.

Hapa tena lazima niingilie. Hakuna mwanafunzi wa Bologna anayepanda mnara ule kabla ya kupata shahada. Anayepanda hapati. Usiniulize nani aliyesema, ni jambo la miaka na miaka, na hata wale wanaosoma hisabati, wanaocheka mazindiko yote ya bibi zao, wakifika kwenye mlango ule hugeuka. Nives aliupita ule mlango kila siku kwa miaka minane na hakuwahi hata kuugusa. Zilikuwa zimebaki siku mbili.

"Siwezi kupanda," alisema.

"Kwa nini?"

"Siwezi tu. Wiki ijayo naweza. Leo hapana."

"Wiki ijayo. Yaani baada ya Alhamisi."

Amejua, Nives alifikiri. Amejua kwamba nilimdanganya, kwamba sijamaliza chochote. "Umejua?"

"Nimemsikia rafiki yako. Si kiziwi mimi."

"Saverio, nilitaka kukuambia. Niliona aibu."

"Ungeniambia lini? Nikiwa nimeshapanda gari?"

"Hujui ilivyo! Miaka minane nahangaika na jambo hili. Kila ninayekutana naye ananiuliza, lini, Nives, lini? Bibi yangu amechoka kuomba Mungu. Kuna siku nilitaka kuacha kabisa."

"Ungeacha, basi!"

"Niache sasa? Zimebaki siku mbili!"

Saverio alipouliza tena sauti yake ilikuwa imeshuka. "Unalitaka kweli, au ni kwa sababu ya watu?"

"Nalitaka kuliko kitu chochote duniani."

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyesomewa hukumu. "Basi hongera. Mungu akujalie." Akaweka tiketi moja kwenye kiganja cha Nives, akapita mlangoni na ile nyingine, akaanza kupanda ngazi mbili mbili bila kugeuka.

Nives alibaki amesimama na karatasi yake. Kwanza alilia, kisha akakasirika, kisha akafanya yote mawili kwa pamoja. Mchomelea vyuma mzima, koti la kuazima, anamdharau kwa sababu hajamaliza chuo! Simu ikalia.

"Nimesahau kukuuliza viatu," alisema Loredana. "Mbona unalia?"

Nives alimweleza kila kitu, kwa kwikwi, neno kwa neno. Loredana alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo kwake si la kawaida.

"Shoga, ngoja kwanza. Huyo kaka ametoka wapi?"

"Taranto."

"Nilisema lozi. Nilitaja rangi?"

"Rangi ya nini?"

"Nives. Lozi, maua, gauni, bibi. Fikiria wewe ungekuwa fundi wa meli uliyekunywa glasi moja ya mvinyo na msichana unayempenda."

Nives aliketi kwenye jiwe la kizingiti. "Mama yangu," alisema. "Nimemwambia nalitaka kuliko kitu chochote duniani."

Loredana alicheka hadi akapaliwa. Nives hakuweza kucheka. Aliamua kusubiri pale pale mlangoni, kwani mnara una mlango mmoja tu, atakayepanda lazima ashukie hapo. Kundi la saa tisa likaanza kushuka, wanahema, wanacheka, mashavu mekundu kwa upepo. Aliwahesabu mmoja mmoja. Koti la buluu halikuwemo.

"Kuna aliyebaki?" alimuuliza mzee wa tiketi. Huyu aliitwa mzee Amleto, na alikuwa na kiti chake cha mbao mlangoni pale tangu zamani.

"Yupo mmoja." Mzee alishusha redio yake ya mawasiliano. "Kijana. Ameketi sakafuni, amefumba macho, amekumbatia ukuta. Kizunguzungu cha urefu. Mwenzangu wa juu amembembeleza nusu saa, anasema hashuki. Mimi magoti yangu hayapandi tena, na nina watu ishirini wanangoja. Nawapigia zimamoto."

"Amevaa koti la buluu? Mikono mifupi?"

"Huyo huyo."

Mimi mtu wa chini. Haukuwa utani, basi. Nives aliona mambo yote kwa pamoja: zimamoto wakimfunga Saverio kwenye machela, watu wakipiga picha kwa simu, gari la saa moja likiondoka, kazi ya kesho ikipotea kabla hajaianza, na yeye kule juu ameamini kwamba msichana aliyemwonyesha mji mzima anaolewa Alhamisi.

"Usiwapigie," alisema. "Nitamshusha mimi."

Simu ilikuwa bado mkononi na Loredana alikuwa bado anasikiliza. "Nives! Usithubutu! Mkumbuke Ottavio! Alipanda mwaka wa pili, leo anauza bima! Mwache ashushwe na zimamoto, ndiyo kazi yao! Nives, miaka minane! Bibi yako atakufa!"

Mzee Amleto aliisikia ile sauti, mtaa mzima uliisikia. Alimtazama Nives juu ya miwani. "Binti, umeshapata shahada?"

"Keshokutwa."

Mzee aligusa chuma cha mlango haraka kujikinga. "Miaka kumi na tisa nipo hapa. Nimewaona wanafunzi wakiwaleta wazazi wao, wakawalipia, wakabaki hapa chini wakila aiskrimu. Wewe umefikiri vizuri?"

"Nikifikiri sitapanda," alisema Nives. Akampa ile tiketi, akakata simu, akapita.

Hatua ya kwanza ilikuwa nzito kuliko zote. Ngazi za mbao zilikuwa nyembamba, zimelika katikati kwa nyayo za karne, zikizunguka ndani ya giza la matofali. Alipofika ya hamsini alikumbuka mtihani wa Kilatini alioufeli mara tatu. Ya mia, alikumbuka mwaka baba yake alipougua na yeye akaacha masomo kumuuguza, na jinsi ilivyokuwa vigumu kurudi. Ya mia mbili alikumbuka asubuhi zote za kahawa, daftari limefichwa chini ya kaunta. Ya mia tatu alisimama, mkono kifuani, akijiambia bado anaweza kugeuka, pengine ikihesabiwa nusu nusu hajaharibu sana. Kisha akasikia sauti ya mwenzake mzee Amleto ikibembeleza huko juu, "Fumbua jicho moja tu, ndugu yangu, moja," akaendelea hadi ngazi ya mia nne tisini na nane.

Upepo ulimpokea usoni. Mji wote ulikuwa chini yake, paa zote nyekundu, na hakuutazama. Alijiambia kwamba asipoangalia huenda hasara itapungua, akavuka na macho sakafuni, akaviona viatu vya Saverio, akapiga magoti.

"Saverio."

"Nenda zako," alisema, macho yamefumbwa kabisa. "Mchumba wako asije akakuona."

"Sina mchumba, mjinga wewe! Keshokutwa natetea tasnifu yangu chuoni. Zile lozi ni nyekundu!"

Jicho moja lilifunguka kidogo. "Nyekundu?"

"Nyeupe ni za harusi. Nyekundu ni za shahada. Lozi, maua, gauni, yote ni ya shahada."

"Kwetu hakuna aliyewahi kufika huko," alisema Saverio polepole. "Sikujua zipo nyekundu. Lakini uliniambia umemaliza zamani."

"Nilikudanganya. Sijamaliza. Nina miaka ishirini na saba, natengeneza kahawa, na nilitaka uniite msomi siku moja nzima."

"Mimi sipandi hata stuli kubadilisha taa. Nilinunua zile tiketi nikasema, nikiwa na wewe nitaweza. Halafu nikapandishwa na hasira. Ilinileta mpaka hapa, ikaniacha peke yangu."

Nives alicheka na kulia, akamfuta kijasho usoni kwa kofia yake.

"Ila kwa nini uligoma?" Saverio aliuliza. "Kama si mchumba, uligoma nini?"

Hakutaka kumwambia. Yule mlinzi wa juu, aliyekuwa ameegemea ukuta akijifanya hasikii, ndiye aliyejibu. "Mwanafunzi akipanda huku kabla ya shahada, hapati. Kila mtu Bologna analijua hilo, ndugu yangu."

Saverio alifumbua macho yote mawili kwa mara ya kwanza. Aliusahau urefu, aliusahau upepo. Alimtazama Nives kana kwamba ndiyo kwanza anamwona.

"Na unaliamini?"

"Naliamini vibaya sana."

"Na umepanda."

"Nyamaza," alisema Nives, akimvuta mkono. "Inuka. Una gari la kuwahi."

Walishuka kwa saa nzima. Nives alitangulia kinyumenyume, uso kwa uso naye, kila mguu ukipapasa kidato kilicho nyuma yake, mikono yake miwili imemshika Saverio mikono yake iliyolowa jasho.

"Usiangalie chini. Niangalie mimi."

"Nakuangalia."

"Zungumza basi, usikae kimya, utafikiri."

"Una doa dogo chini ya jicho la kushoto."

"Endelea."

"Nakupenda."

Nives alikosea kidato, wakapiga kelele wote wawili, sauti ikapanda na kushuka ndani ya mnara. Huko chini mzee Amleto akajishika kichwa.

Walipotoka nje jua lilikuwa limeanza kulala juu ya matofali, na watu ishirini waliokuwa wanangoja zamu wakawapigia makofi. Saverio alipiga magoti akaibusu lami. Saa kumi na mbili kamili, wakiwa wanakimbia kuelekea stesheni, Nives alimtajia namba yake tarakimu moja moja, naye akazirudia kwa sauti hadi watu wakageuka kumtazama.

Gari la Trieste lilikuwa tayari jukwaani. Walibusiana mlangoni, begi kubwa likiwa katikati yao, mara moja, kisha mara ya pili begi likiwa limetupwa ndani.

"Ukifeli je?" Saverio aliuliza. Sauti yake haikuwa na utani hata chembe.

"Nikifeli nitakuchukia mpaka nife."

"Basi nitakuja unichukie uso kwa uso."

"Acha maneno. Kesho unaanza kazi."

Mlango ukajifunga. Jumatano Saverio alipiga simu mara tisa, katika kila mapumziko, akiuliza kama amekula, kama amesoma, kama amelala. Nives alikuwa hajafanya lolote kati ya hayo. Loredana alikuwa amehamia kwake kabisa, akimtazama kama mgonjwa.

Alhamisi saa nne. Ukumbi ulikuwa na dari lililochorwa malaika, na walimu saba nyuma ya meza ndefu. Nives alisimama ndani ya gauni la kijani kibichi. Bibi Argia alikuwa safu ya kwanza, mkoba mapajani, midomo ikiomba. Swali la kwanza Nives alilijibu. La pili alilijibu. La tatu likamkuta hana kitu kichwani, kweupe, na katika ule weupe aliuona mlango wa mnara. Akakumbuka ngazi ya mia tatu, jinsi alivyosimama akitaka kugeuka na hakugeuka. Akavuta pumzi. "Naomba nianze upya," alisema, na akaanza upya.

Walitolewa nje walimu wazungumze. Kwenye korido, baina ya familia zenye maua, amesimama kijana mrefu wa koti la buluu, macho mekundu ya kutolala.

"Unafanya nini hapa? Kazi yako!"

"Nimemwambia bosi kuna mtu amehatarisha miaka yake minane kwa ajili yangu, na akifeli lazima nije kulaumiwa mwenyewe. Akaniuliza mara mbili kama nimerukwa na akili, kisha akanipa siku moja, bila malipo." Alivuta mikono mifupi ya koti lake. "Niambie. Nilaumiwe?"

Kabla hajajibu kengele ililia, wakaitwa ndani. Mwenyekiti akasimama, na ukumbi mzima nao ukasimama. Akasoma jina lake lote, akasoma maneno ya sheria ambayo Nives hakuyasikia, kisha: tisini na tatu kati ya mia na kumi, na shahada ni yako.

Ukumbi ulilipuka. Loredana alipiga mayowe, maua yakaruka. Bibi Argia alimkumbatia mjukuu wake, akamsogeza mbali kidogo, akamkazia macho.

"Tisini na tatu. Na hizo kumi na saba zimekwenda wapi?"

"Ziko juu ya mnara, bibi."

"Mnara upi?"

Lakini nyuma yao kulisikika kilio. Saverio alikuwa ameketi kwenye benchi la mwisho, uso ndani ya viganja, analia kwa sauti kama mtu aliyeshushiwa mzigo, mabega yanaruka, hajali watu.

"Na huyo anayelia ni nani?" bibi aliuliza. "Mimi niliyelipa ada silii hivyo."

Ulimi wa Nives ulikuwa na majibu mengi tayari: rafiki, mteja, mtu tu wa kusini. Aliyatazama yote na kuyaacha.

"Ni mchumba wangu, bibi. Ila yeye bado hajaambiwa."

Kilio kilikatika ghafla. Saverio aliinua uso uliolowa.

"Haya," alisema bibi Argia, akifungua mkoba wake kutafuta kitambaa cha kumpa, "sasa ameambiwa."